Kibao cha Kuzoeshea Mkono wa Kushoto

Taruma moja la reli, lililochakaa mpaka treni ikalikataa, ndilo lililokuwa benchi la Hamdun muuza kahawa, karibu na stesheni ya Bungoma. Vita vya Burma vilikuwa vimekwisha, na kila aliyekwenda na asiyekwenda alikuwa na la kusimulia. Wenyeji wa benchi walikuwa watatu. Mzee Bama, mchunga nyumbu wa mizigo jeshini, ambaye hakuna habari aliyoweza kuieleza bila kuipitisha Burma kwanza. Karani, ambaye kweli alikuwa karani, kwenye ghala la pamba, na alivaa tai hata akienda kukata kuni. Na Pancha, yaani Kemboi wa Kapsokwony, fundi wa kuziba magurudumu. Jioni Nyongesa alipofika na vijiti viwili vya ngoma mfukoni na uso wa mtu aliyekosa usingizi, walisogea upesi kumpa nafasi. Pale mtu mwenye shida alithaminiwa kuliko mtu mwenye sukari.

Nyongesa alipiga ngoma ndogo ya bendi kanisani, ile inayoning'inia kiunoni kwa mkanda. Mkono wa kulia ulimtii. Wa kushoto ulifika umechelewa, kama shemeji asiyeipenda harusi. Kipruto, mkuu wa bendi moja ya Kitale, alikuwa amemsikia akamwambia bila kumung'unya maneno: tafuta kitu cha kuzoeshea mikono, upige kila siku, nitakuja kukusikiliza kabla ya maandamano ya mavuno. Mkono ukitengenea, utatangulia bendi. Nyongesa aliitaka nafasi hiyo mpaka ugali ukakosa ladha. Ila ngoma haikuwa yake, ilikuwa ya kanisa, na ufunguo wa stoo alikuwa nao Mayi Dinah, mama mtunza vyombo vya kanisa, ambaye hakutaka kusikia habari ya kuigonga siku za kazi.

— Nataka kitu ya kupigia, alisema. Isipige kelele, lakini ifundishe mkono.

— Mpira ya gari, akadakia Pancha. Nakukatia kipande, unagongelea kwa ubao. Na si gari ndogo. Lori! Lori ya mahindi inatoka Kitale kila wiki. Hiyo mpira inajua mwendo. Mkono yako pia itajua mwendo.

— Mpira ni mwongo! akasema Mzee Bama. Ukipiga, inakurudishia kijiti yenyewe. Mkono inalala. Sisi Burma tulizoeshea mto ya kulalia. Kijiti inazama, unaitoa na nguvu yako mwenyewe. Hapo ndiyo kifundo ya mkono inaota nyama.

— Mzee, kwa msitu ya Burma mlitoa mto wapi?

— Ya wazungu.

— Na wazungu walilalia nini?

— Si kulikuwa na vita? Nani alikuwa analala?

Karani alinyoosha tai. Alipofanya hivyo, hata Hamdun aliacha kumimina.

— Mnabahatisha, bana. Kitabu inasema ngozi ya mtu na ngozi ya ngoma ni ndugu. Ukizoeshea mpira, utakuwa mcheza mpira. Ukizoeshea mto, utasinzia katikati ya maandamano. Mkono mtupu haulambwi.

— Hiyo ya kulamba inaingia wapi? Hamdun aliuliza.

— Mwenye akili ameelewa.

Nyongesa hakuelewa, lakini aliitikia kwa kichwa ili aonekane ana akili.

Alianza na mpira. Pancha alimkatia kipande, akakipigilia kwenye ubao, na siku mbili Nyongesa aligonga uani tangu alfajiri. Siku ya pili jioni alihisi kitu ambacho hakuwahi kukihisi: mkono wa kushoto uliwahi. Laiti angenyamaza. Alikwenda mbio kuwasimulia wa benchini, na Mzee Bama akanuna.

— Sawa. Sikiliza watu ya pancha. Mimi niliona Burma tu, si kitu.

Kwa kumwonea mzee haya, Nyongesa aliuacha mpira akachukua mto. Asubuhi iliyofuata mto ulipasuka, pamba zikaingia kwenye uji, na Nasambu mkewe akamwambia achague moja, bendi au kifungua kinywa.

Ijumaa Mayi Dinah alimpa ngoma akaing'arishe shaba zake kwa ajili ya Jumapili. Njia ya kwenda nyumbani ilipita benchini. Kulikuwa na njia nyingine, nyuma ya msikiti, lakini Nyongesa alitaka kuonekana ameibeba.

— Weka hapa, Karani alisema, akaigonga kwa ukucha. Unaona? Tunazunguka zunguka na ngozi yenyewe ndiyo hii. Itoe, igongelee kwa kibao, zoesha mkono mpaka Kipruto akuje, halafu uirudishe.

— Inarudi kweli?

— Kitu ikitoka si inarudi? Hata Mzee Bama alirudi.

— Lakini ni ya kanisa, Karani.

— Wahenga walisema, ngoma ikivuma sana hupasuka. Sasa ukitoa ngozi mapema, itapasuka wapi? Unaiokoa, bana!

— Na iloweke kwanza, Mzee Bama aliongeza. Samaki mkunje angali mbichi.

Nyongesa alijua hili ni jambo la kijinga, akalijua vizuri, na bado macho yake yalikuwa Kitale, mbele ya bendi, viatu vimepigwa rangi. Alilegeza skrubu mwenyewe. Hamdun alisema yeye hajaona kitu, kisha akawapa maji ya kulowekea.

Wakaichomoa ngozi kwenye pete yake, wakaivuta juu ya ubao, Pancha akaipigilia misumari ya viatu pande zote. Ilipendeza. Wakagombania nani aliyelibuni wazo. Mzee Bama akasema jeshi litakinunua kibao hicho. Karani akasema hapana, kitapelekwa kwa mfalme kwanza. Pancha akasema kikitiwa magurudumu, mtu atajizoesha huku akienda kazini.

Jumamosi mchana, jua likiwa kali, ngozi ilikauka. Ilianza kujivuta taratibu kama mtu anayeamka. Halafu, taa! Ikachanika kutoka msumari hadi msumari.

— Hiyo sauti ni nzuri, alisema Karani.

Wakati huo huo lori la mahindi lilisimama, akashuka mtu mrefu mwenye vumbi hadi kwenye nyusi. Akaomba kahawa, akaketi. Nyongesa alimtambua, akaisukuma ngoma tupu chini ya benchi kwa mguu. Alikuwa Kipruto. Wengine hawakumjua.

— Habari zenu wazee. Hapa mnatengeneza nini?

— Mpiga ngoma, Karani alimjibu, na kwa kuwa mgeni alisikiliza kwa adabu, akamweleza yote: mpira na uongo wake, mto, ngozi na undugu wake, mpaka ngoma tupu iliyokuwa chini ya benchi kama sufuria isiyo na tako.

Kipruto alimaliza kikombe.

— Huyu kijana, alisema, kesho kanisani atapiga nini?

Pancha alikumbuka gurudumu la mtu. Karani alikumbuka kazi ghalani, ingawa ghala lilifungwa saa sita. Mzee Bama alifungua kinywa, akasema "Burma," akakifunga, akachukua fimbo yake. Benchi likabaki na watu wawili.

— Piga hapo kwa taruma, Kipruto alisema.

Nyongesa akapiga, jasho likimtoka. Kipruto aliinamisha kichwa.

— Kushoto imeanza kuamka. Uliamsha na nini?

— Mpira ya lori. Siku mbili.

— Na kwa nini ukaiacha?

Nyongesa alivirudisha vijiti mfukoni. Kipruto alirudisha kikombe, akamwambia Hamdun asante, akaondoka kwenda Mabanga, kwani huko pia alisikia kuna kijana.

Nyongesa alibeba ngoma mkono mmoja, kibao mkono wa pili, akaenda kwa Mayi Dinah kabla watu wengine hawajamfikishia habari. Mama huyo alikuwa anapepeta wimbi. Aliangalia ngoma, akaangalia kibao, akaweka ungo chini.

— Nani alifanya hii?

— Mayi, kule benchini walisema...

— Sikuulizi kahawa ilisema nini. Nauliza mikono ya nani ilifungua skrubu.

— Yangu, mayi.

— Basi hiyo hiyo italima shamba ya kanisa mpaka tupate ngozi ingine.

Jumapili watu waliimba kwa makofi. Mavuno yalipofika, kijana wa Mabanga alitangulia bendi Kitale, na Nyongesa alikuwa shambani, jembe mkononi, mgongo ukiwaka. Kwenye taruma la Hamdun, Karani alikuwa anamfafanulia msafiri mmoja kwamba kosa lilikuwa misumari.