Papa Augustin Litoka "Turbine" na Anguko la Tarehe 15 Agosti

Imeandikwa na kusomwa na mdogo wake, Alexis Litoka, Kisangani, Jumamosi tarehe 14 Juni 2025

Ninyi mliofika asubuhi hii, wa Kabondo, wa Lubunga, na ninyi mliopanda mtumbwi tangu Yanonge, tegeni sikio kidogo. Mtu tunayemzika hakupenda kabisa kusimuliwa vibaya.

Papa Augustin Litoka Bosongo alizaliwa Yanonge tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu wa Papa Bosongo, mvuvi, na Mama Sara, aliyeuza samaki wa kukausha kwenye mashua zilizopita. Mama yetu alisema mtoto huyo alilia kwa sauti kubwa hata wavuvi wa ng'ambo wakaulizana nani amefiwa. Huenda mama alitia chumvi. Waliomsikia redioni wataamua wenyewe.

Alisoma shule ya msingi Yanonge kuanzia 1967 hadi 1973, kisha akaletwa mjini kwa mjomba wetu, Tonton Zakaria, aliyekuwa na nyumba Kabondo. Sekondari alifika mwaka wa nne. Imla ya Kifaransa ilimtoa jasho kila wiki, lakini penye kusoma kwa sauti mbele ya darasa hakuna aliyemkaribia. Mwaka 1979 aliacha shule, akaanza kubeba mizigo bandarini. Jioni alishikana mieleka na wapagazi wenzake juu ya mchanga, na wenzake wengi walirudi nyumbani wakichechemea.

Mwaka 1982 aliingia katika kikundi cha mieleka ya ulingoni, ile tunayoiita catch. Walimpa jina Turbine, kwa sababu akishamwinua mtu mabegani alimzungusha mpaka watazamaji nao wakashikwa na kizunguzungu. Alipigana Isangi, Yangambi, Basoko, hata Yahuma, ambako ulingo ulifungwa kwa kamba za mtego wa nguruwe. Kabla ya kila pambano walizunguka mji mzima na ngoma na filimbi, kila mmoja akionyesha dawa yake ili kumtisha mpinzani. Turbine alijifunga majani kichwani.

Hapo ndipo anaingia Clémence Bolila, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa maswali tangu utoto wake. Mwezi Julai 1987 alisimama kando ya barabara msafara ukipita, akamfuata yule mtu wa majani hadi kwenye kona na kumuuliza mbele ya watu:

"Papa, hii dawa ni ya nini?"

Turbine alitazama kushoto na kulia, akainama kidogo.

"Ni pondu," alisema, maana yalikuwa majani ya muhogo tu. "Kesho tutaipika. Lakini usiambie batu."

Clémence hakumwambia mtu. Tarehe 22 Aprili 1989 walifunga ndoa kanisani, Kabondo, na Mungu akawajalia watoto watatu: Fanny, Baraka na Tania. Katika nyumba hiyo kulikuwa na maswali mengi na vicheko vingi, na pondu haikukosekana.

Mwaka 2003 huko Yangambi alipigwa kichwani, na jicho la kushoto likaanza kuona ukungu. Daktari wa macho alimwambia waziwazi kwamba kipigo kingine kama kile kitamfanya kipofu. Clémence alimtaka aache. Lakini kikundi chao kilikuwa na sheria iliyokubaliwa tangu mwanzo: mpiganaji anatoka ulingoni kwa kuangushwa, basi. Anayeondoka akiwa bado amesimama alihesabiwa kuwa mwoga aliyekimbia, jina lake likatupwa, na hakuna mwenzake aliyemsalimia tena. Anayeangushwa alitoka na heshima yake, na yule aliyemwangusha alitembea na sifa hiyo maisha yake yote.

"Basi anguka," Clémence alimwambia.

"Clémence, mutu hawezi kuanguka kwa kupenda. Batu watajua."

Mama Clémence hafichi jambo hili, na ameniruhusu nilisome: alianza kuomba Mungu mume wake ashindwe. Alikwenda misa ya asubuhi kwa ajili hiyo. Padri alipomuuliza nia ya sala yake, alisema ni afya ya familia, jambo ambalo halikuwa uongo.

Tarehe 15 Agosti 2004, Jumapili ya sikukuu ya Bikira Maria, Turbine alipambana na Issa Feruzi, kijana wa familia ya mafundi cherehani, mwepesi, mwenye miguu ya chuma. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi Clémence alikwenda kuangalia. Alisimama nyuma ya viti vya mbele na kitambaa mkononi. Turbine alimwinua Issa mabegani, akaanza kumzungusha, na watu wote waliona mambo yamekwisha. Clémence alifikiria lile jicho, akashindwa kuvumilia, akafumba macho. Alipoyafungua, mume wake alikuwa chali na Issa yuko juu yake. Mji wote ulipiga kelele.

Mwezi Februari 2005 redio moja ya hapa mjini ilimwita Turbine kutangaza mieleka, naye akatangaza kwa miaka kumi na saba. Alianza kwa Kiswahili, na mambo yakipamba moto alihamia Lingala bila kuaga. Siku ya kwanza alitaka wasikilizaji waelewe namna mkono unavyokunjwa, akamshika fundi wa mitambo, Papy, akamkunja palepale hewani. Yowe la Papy lilifika hadi Isangi. Wiki iliyofuata wasikilizaji waliandika kuomba Papy akunjwe tena, na Papy, ambaye yuko hapa, alikataa katakata. Watu wa Yangambi walisema kumsikiliza Turbine kulishinda kuwapo uwanjani, maana uwanjani unaona, lakini hujui kwa nini.

Alitueleza kila pigo na kila hila ya kila mtu. Pambano moja tu hakulieleza kamwe. Kila Issa alipoingia ulingoni, Augustin alimtambulisha kwa maneno yaleyale: "Huyu ni Issa Feruzi, mutu aliyemwangusha Turbine." Alijitaja kana kwamba anamsema mtu mwingine, kisha akapita. Kwa sifa hiyo Issa aliitwa kupigana Bumba, akaitwa Mbandaka, akafika Kinshasa, akalea watoto.

Nyumbani Clémence hakukaa kimya. Aliyekuwa ameomba mume wake ashindwe alitaka kujua sala ilijibiwaje. Kama Issa alimwangusha kweli, basi Augustin aliacha ulingo kwa sababu njia nyingine haikuwepo. Kama alijiangusha, aliuacha kwa ajili yake. Mke yeyote angetaka kujua. Alimuuliza mezani, alimuuliza njiani wakitoka kanisani, alimuuliza hata siku ya harusi ya Fanny.

"Muulize Issa," alijibu kila mara.

Akaenda kwa Issa. "Mama Clémence," Issa alisema, "muulize mwenyewe." Basi walimrusha hivyo miaka ishirini kama mpira, yeye akicheka na kununa kwa pamoja.

Mwaka 2022 koo la Augustin lilianza kuuma. Tulidhani ni kelele za ulingoni. Vipimo vilionyesha uvimbe, na mwezi Oktoba mwaka huo alitangaza kwa mara ya mwisho, sauti ikikwaruza. Alitibiwa hapa Kisangani, akapelekwa Kinshasa mwaka 2023, akarudi. Kuanzia Pasaka mwaka huu hakuweza tena kusema. Mtu aliyesikika hadi Isangi akawa anaongea kwa vidole, na sisi tulioketi naye tuliumia kuliko tunavyoweza kueleza. Clémence hakumuuliza tena lile swali. Alisema haifai kumuuliza mtu asiyeweza kukataa kujibu. Alfajiri ya Alhamisi tarehe 12 Juni 2025 Augustin alifariki nyumbani kwake Kabondo, mkono wake ukiwa katika mkono wa mke wake.

Jana asubuhi Issa alifika matangani. Aliomba muziki uzimwe. Aliketi kwenye mkeka mbele ya Mama Clémence, akasema, nasi sote tukisikia:

"Mama, miye sikumuangusha. Ile siku nilikuwa juu ya mabega yake, nimekwisha, nangojea tu kutupwa. Ya Augustin, kaka yangu mukubwa, akaniuliza polepole: 'Issa, weye uko juu, jicho yangu haioni mbali. Clémence iko?' Nikamujibu, iko. Akaniuliza: 'Iko nafanya nini?' Nikaangalia. Nikamuambia, anafunga macho. Basi, akasimama kidogo. Ile kuzungusha ikaacha. Halafu akaninyanyua vizuri kama mutoto na akajitupa nyuma, miye juu yake. Nilitaka kusema. Akanikataza. Akasema: 'Jina ni yako sasa, usinirudishie.'"

 Machozi yalimtoka Mama Clémence bila sauti. Kisha akauliza, maana yeye ni yeye:

"Sasa, alipokuwa anakutangaza kwa redio, weye ulikuwa unasikia nini moyoni?"

"Aibu, Mama. Kila mara, aibu. Lakini nilikuwa nabeba jina vizuri, kwa sababu yake."

Mama Clémence alijifuta uso. Akaniita, akaniambia kwenye karatasi ya mazishi niandike kwamba Issa Feruzi alimwangusha Turbine, kama mji wote unavyojua, na haya mengine yabaki ndani ya nyumba. Lakini Issa alinishika mkono wa shati.

"Hapana, Ya Alexis. Miye sipigani tena. Andika vile ilikuwa. Mama alingojea miaka mingi."

Nilimwangalia Mama Clémence, naye akaitikia kwa kichwa. Kwa hiyo ninasoma, kwa ruhusa ya wote wawili: tarehe 15 Agosti 2004, mjini Kisangani, Augustin Litoka Bosongo, mwenye nguvu zake zote, akiwa na ushindi mabegani, alijiangusha mwenyewe, kwa sababu mke wake alikuwa amefumba macho.

Ameacha mjane, Mama Clémence Bolila, watoto, Fanny na mume wake Mahmoudi, Baraka, na Tania, wajukuu, sisi wadogo zake Alexis na Nadia, wenzake wa redioni, na Issa Feruzi, ambaye tangu jana familia inamhesabu miongoni mwa ndugu, na ambaye leo atashika jeneza upande wa kichwa.

Papa Augustin, mke wako amejua. Pumzika kwa amani.