Mzee Kajetani na Pazia la Bluu

Baada ya miaka kumi na minane ya kazi, Mzee Kajetani Haule anastaafu rasmi tarehe 31 Desemba 2004. Studio yetu ya Songea mjini itabaki na pazia la bluu lisilo na mwenyewe.

Alikuja mwaka 1986 kama mchoraji. Enzi hizo mteja alisimama mbele ya ndege iliyochorwa ukutani na Mzee, akapigwa picha, akarudi kwao ameshasafiri. Milango ya biashara na nje ilipofunguliwa zikaja kamera za video, kisha kompyuta. Mzee akaweka brashi chini na kujifunza kumrekodi mtu mbele ya pazia la bluu, kumtoa kwenye video, kuacha kilicho nyuma yake, na kumweka mbele ya bahari au maporomoko. Kila kwaya ilitaka kuimbia Ulaya.

Kazi ya kwanza ilimtia aibu. Kompyuta ilifuta kila kilichokuwa cha bluu, na kwaya ile ilivaa sketi za bluu. Vilibaki vichwa na blauzi, vikielea kwa furaha juu ya maporomoko. Tangu siku hiyo, mteja hajamaliza kumwamkia shikamoo, yeye keshauliza rangi ya sare.

Lakini tutamkumbuka zaidi kwa kazi ya Mama Theodosia, mwalimu wa kwaya moja ya Mshangano. Kwaya ilikwisha kurekodiwa mbele ya pazia letu. Yeye alifariki kabla ya zamu yake. Kilikuwepo kipande kimoja tu cha video: ameketi uani kwake akiongoza wimbo, kitenge cha kijani, nyuma yake mahindi mabichi. Wenzake hawakutaka kutoa kanda bila yeye. Kompyuta haikujua mama anaishia wapi na mahindi yanaanzia wapi, hivyo Mzee alifuata ukingo wa kitenge kwa mkono, picha moja moja, huku sisi tukinung'unika kwamba maharusi wanasubiri.

Alipomweka mbele ya bahari, Noela, binti wa marehemu, alitazama akalia.

"Mama ni yeye, Mzee. Ila pale si kwake."

Tulishika vichwa. Mzee hakubisha. Alimrudisha mama uani, kisha akawapanga wanakwaya wote kati yake na mahindi. Ule ukingo aliouhangaikia ndio uliowawezesha kusimama nyuma yake. Kanda ilipooneshwa parokiani, watu walisimama wakaimba naye.

Asante sana, Mzee wetu. Anarudi Peramiho kulima, nasi tunamwombea afya, mvua za wakati wake, na wajukuu watakaovumilia maswali ya sare. Siku ya kumuaga tutampiga video hapa hapa studio, na tumekubaliana sote kwamba nyuma yake hatutafuta kitu.