Miguu ya Mdogo Wangu

Sikilizeni, wanangu, na wewe kitinda mimba uliyejiziba pua kwa leso, itoe. Uvundo huu ni wa baba yako, na ulianza kabla sijaugua.

Duka la udobi gawaneni: pasi na meza kwa mkubwa, mashine kwa dada yenu, wala msigombane, vita vya panzi furaha ya kunguru. Kanzu za kwaya msizipokee tena. Miaka thelathini nimezifua na kuzipiga pasi mpaka zikasimama zenyewe, watu wakasema mzee wa kanisa yule ni msafi, nami nikaamini, mpumbavu mimi! Najitia kinyaa mwenyewe.

Mnaikumbuka ile Alhamisi Kuu ya kuoshana miguu kanisani. Mimi ndiye niliyewachagua wale kumi na wawili wa kuoshwa, na kila mwaka niliwaagiza wasugue miguu kwao kwanza, wakate na kucha, ndipo nije niwaoshe kwa unyenyekevu mbele ya watu. Unyenyekevu gani huo? Maji hata hayakuchafuka! Mwaka ule mmoja wao hakutokea. Baba yenu mdogo, mzibua vyoo, akaja mbio kutoka kazini, akakaa kwenye kiti kilichobaki wazi, akavua buti. Nikaitazama ile miguu, nikakunja uso, nikampita na beseni langu. Kanisa zima likaona. Akavaa buti zake taratibu, akatoka, na hajaingia tena hadi leo.

Na ni nani anayenigeuza kitandani hapa kila asubuhi, akanifuta nilivyojichafua, ninyi mkiwa mmesimama mlangoni? Ni yeye. Hajanisema hata mara moja. Nyani haoni kundule, wanangu; mimi nimeliona langu mikononi mwake. Jana nilimwomba Yesu anioshe ndani, ulimi ukakwama, maana ndugu yangu sijamwomba radhi.

Leteni beseni. Nishusheni sakafuni, chini kabisa. Huyo amefika, namsikia akiziacha buti uani. Karibu, mdogo wangu, keti... Mbona miguu imelowa? Umepitia bombani? Umenawa kwanza, ndugu yangu, ili mimi nisikunje uso? Mimi ndiye niliyekufundisha hivyo. Nisamehe.

Nikifa, akikubali, yeye ndiye anioshe, asiguse mwingine. Mungu awabariki, wanangu... awape moyo usioziba pua... Nishikieni mkono huu, hauinuki. Taratibu. Bado mguu mmoja.