Kikohozi Kilichokemewa Ijumaa Tatu

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na leo ninamsifu bila kukohoa!

Mnanijua. Mimi ni Mama Espérance, fundi cherehani wa kutoka Bukavu, na hapa kambini Dzaleka njo mimi ninayetafsiri mahubiri kwa Chichewa wageni wakija. Kazi hiyo naipenda kuliko cherehani yangu. Basi nilipimwa nikakutwa na presha, nikapewa vidonge. Kichwa kikaacha kuniuma, nikashukuru. Lakini baada ya wiki chache kikaja kikohozi kikavu, hakina makohozi wala homa. Wakapima kifua kikuu, hakuna. Nikitafsiri nakatika katikati, wageni wanabaki kutazamana, mwisho mchungaji akaniweka pembeni. Nililia, ndugu zangu!

Mama Neema, Mrundi wetu anayeongoza maombi ya Ijumaa, akasema hilo ni pepo. Na mnajua desturi yetu: anayeombewa akikohoa, pepo linatoka. Sasa mimi nakohoa hata kabla sijawekewa mikono! Kila nikikohoa wanashangilia, "Linatoka! Linatoka!" Ijumaa tatu lilitoka, na kila Jumamosi liko palepale. Siwacheki wao peke yao, hata mimi niliamini.

Tukafunga siku tatu, bila chakula wala maji. Vidonge nikavitia ndani ya mfuko wa Biblia, maana nilijiambia kumeza nako ni kula. Siku ya tatu dunia ikazunguka, nikaanguka mbele ya madhabahu. Wakanikimbiza hospitali, Lilongwe. Presha ilikuwa imepanda hata muuguzi akapima tena kuhakikisha.

Lakini Mungu ni mwema! Daktari hakuuliza habari za pepo. Aliuliza nameza nini. Nikafungua mfuko wa Biblia, nikamwonyesha. Akaeleza kwa Chichewa, taratibu, na Mama Neema, aliyenisindikiza, akanivuta mkono anataka kujua anasema nini. Nikamtafsiria.

"Anasema hii kidonge inashusha presha muzuri, lakini bantu bengine inabaletea kikohozi. Atanipatia ingine. Na nisiache tena dawa mi mwenyewe, itaniua."

Hapo nikakohoa.

"Linatoka," akasema Mama Neema, kwa mazoea.

Kisha akajishika mdomo. Tukacheka mpaka daktari naye akacheka bila kujua tunacheka nini.

Nikameza kidonge kipya. Wiki moja kikohozi kikapungua, na mwezi haukuisha kabla chenyewe hakijaisha. Mtu asiniambie Mungu hakuponya! Nani alinifikisha kwa yule daktari? Wewe unayesumbuliwa na dawa yako, mtegemee Bwana, omba sana, lakini usiitupe kimyakimya. Rudi kwa aliyekupa, umwambie. Mama Neema mwenyewe siku hizi, kabla ya kukuwekea mikono, anakuuliza kwanza unameza nini.

Asante Yesu! Wageni wetu wa Lilongwe wameketi pale mbele. Mchungaji, mkaribishe mhubiri. Mtafsiri wako amesimama.