Wivu wa Asenath Kweyu, Fundi wa Gesi wa Fedha

Wasikilizaji wapendwa, kama kuna sufuria motoni, punguzeni moto mkae nami kidogo. Mimi ni Celine Owino, na leo tunamkumbuka Asenath Kweyu. Asenath Kweyu, mkuu wa mafundi wa gesi ya bomba, mtaa wa Fedha, Embakasi. Ametutoka mwezi huu, baada ya kuugua ini.

Nilipokwenda kuiona familia yake nilitarajia kuambiwa kwamba marehemu alikuwa mpole, mcheshi, mpenda watu. Ndivyo tunavyoambiwa kila mara, na mimi huja hewani nikayarudia. Safari hii bintiye, Everline, alinimiminia chai, akakaa, akaniambia, "Anti Celine, ukisema mama alikuwa mpole, Fedha nzima itazima redio. Sema tu ukweli. Mama alikuwa na wivu."

Nikamgeukia baba mtu, mzee Wasike. Nilidhani atamkemea binti yake. Mzee akaitikia kwa kichwa.

"Wivu sana," akasema.

Basi, wasikilizaji, leo tunamkumbuka mwanamke mwenye wivu. Ruhusa nimepewa na wenyewe.

Asenath alizaliwa Makongeni, kwenye nyumba za reli. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli aliyetoka Bunyore. Mama yake alipika kwa stovu ya mafuta ya taa, na Asenath alikuwa akisema kwamba utoto wake wote ulinuka mafuta ya taa, hata sare ya shule, hata Biblia. Ndiyo maana alipomaliza shule na kusikia kwamba kuna kazi ya kufunga mabomba ya gesi, hakutaka kusikia kazi nyingine. Alijifunza kwa fundi mmoja aliyeitwa Obonyo, karakana yake ilikuwa Shauri Moyo. Wanafunzi wasichana walikuwa wawili tu. Mmoja ni Asenath Kweyu. Wa pili ni Jacklyne Apondi.

Lishikeni jina hilo. Jacklyne Apondi.

Obonyo alikuwa mwalimu mzuri, lakini alikuwa na neno lake moja. Asenath akimaliza kuunga bomba, mzee angekuja, angetazama, kisha angesema, "Sawa. Sasa hebu mwangalie Jacklyne anavyofunga." Hakusema kazi ya Asenath ni mbaya. Hakuwahi kusema hivyo. Alimwambia tu amwangalie Jacklyne.

Mzee Wasike aliniambia, "Nilimwoa akiwa bado anasikia hilo neno. Kwa hii nyumba, jina la Jacklyne limetajwa kuliko langu. Wakati mwingine nilitaka kuuliza, ni nani kati yetu aliyemwoa huyu mama?"

Sasa nieleze kidogo kuhusu gesi yenyewe, ili tuwe pamoja. Katika mitaa ile kuna nyumba ambazo hazinunui mtungi wa gesi. Kuna matangi makubwa nje, na mabomba yanapita chini ya ardhi mpaka jikoni. Mitandao ni miwili, na wenyeji wanaiita Juu na Chini. Juu ni upande mmoja wa barabara, Chini ni upande wa pili. Kila upande una matangi yake na mafundi wake. Lakini kuna bomba moja linalopita chini ya barabara na kuunganisha Juu na Chini. Upande mmoja ukipata shida, au ukitaka kufanya ukarabati, jirani anaulisha gesi. Bomba hilo lina vali moja ya kulifungulia na kulifungia, na vali hiyo iko upande wa Juu.

Juu aliwekwa Asenath Kweyu. Chini, miaka michache baadaye, akaletwa nani? Jacklyne Apondi.

Everline anakumbuka siku hiyo mama yake aliporudi nyumbani. Alivua buti mlangoni, akasema, "Nairobi yote hii ilivyo kubwa," kisha akaingia kulala bila kula.

Wivu wa Asenath ulikuwa na miguu. Jumamosi alichukua kikapu, akavuka barabara kwenda kununua sukuma wiki upande wa Chini, na sukuma wiki Juu ipo tele. Alikuwa anapita kwenye mashimo ya vali ya Jacklyne, anaangalia vifuniko. Jacklyne alipopaka vyake rangi ya manjano, Jumatatu iliyofuata mafundi wa Juu walikuwa wamepiga magoti na brashi, wanapaka manjano. Jacklyne alipowashonea mafundi wake ovaroli mpya, Asenath alisema zile zinabana, mtu hawezi kuinama. Jacklyne alipoonyeshwa kwenye televisheni akifundisha akina mama jinsi ya kutafuta uvujaji kwa povu la sabuni, Asenath alisimama mbele ya televisheni mpaka habari ikaisha, watoto wasione.

Lakini tusimkosee. Kazi aliipenda. Alijua mabomba yake kama mtu anavyojua ngazi za nyumba yake gizani. Wapangaji walimwita Mama Gesi, na akipita watu walimsimamisha. Huyu anauliza mbona moto umekuwa mdogo, yule anamwonyesha mjukuu. Alikuwa na jibu kwa kila mtu. Isipokuwa ukimuuliza habari za Chini.

Sasa tufike penye uzito.

Jacklyne alimwomba Asenath jambo moja. Pale kwenye matangi ya Chini kuna chombo cha kupunguza presha, gesi isiingie majumbani kwa nguvu. Chombo kilikuwa kimezeeka, na Jacklyne alitaka kukibadilisha. Ili akibadilishe, ilibidi Juu iilishe Chini kwa siku moja. Ni jambo la kawaida kabisa kwa majirani wa kazi hiyo. Ni kufungua vali tu. Asenath akajibu kwamba presha yake haitoshi. Jacklyne akangoja, akaomba tena. Asenath akasema ana kazi ya kwake, wiki ijayo. Wiki ijayo ikafika, ikawa wiki ijayo nyingine.

Presha haikuwa na shida, wasikilizaji. Ilitosha. Everline aliniambia wazi: "Mama hakutaka yule amalize ukarabati kabla yake. Wakaguzi wa gesi walikuwa karibu kuja. Hakutaka wamsifu."

Jumapili moja, mchana, watu wametoka kanisani na kila nyumba inapika, kile chombo cha Chini kikakwama na kujifunga. Gesi ikakatika. Moto ukafifia jiko baada ya jiko, ghorofa baada ya ghorofa, ukazimika. Chini yote. Watu wakatoka kwenye roshani, wakaanza kuulizana kwa sauti.

Asenath alipata habari akiwa bado na nguo za kanisa. Alivaa buti na gauni lake, akachukua spana kubwa, akaenda na fundi wake Austine mpaka kwenye vali ya barabarani. Watu wa Chini walimwona kutoka ng'ambo, wakaanza kumpungia mikono. Akampigia Jacklyne simu. Mazungumzo hayo nimeyapata kwa Jacklyne mwenyewe, na Austine, aliyekuwa amesimama hapo, ameyathibitisha.

"Apondi, niko kwa vali. Nafungua."

"Usifungue."

"Watu wako wananipungia mikono hapa. Chakula kimeiva nusu. Unaniambia nisifungue?"

"Asenath, usifungue."

Baadaye alimweleza bintiye alichokiwaza pale. Aliwaza: huyu hataki nishukuriwe. Heri watu wake wakae na njaa kuliko waseme ni Asenath aliyewarudishia moto. Na Austine, kijana wa Eastlands, akaongeza lake: "Madam, fungua tu. Wajue nani ako na gesi."

Asenath aliweka spana kwenye vali. Aliisukuma. Akasikia vali imelegea kidogo, inataka kugeuka.

Kisha akauliza, na namshukuru Mungu kwamba aliuliza, "Kwa nini nisifungue?"

Jacklyne alikuwa anahema, yuko kwenye ngazi. Akasema, "Nimefunga majiko ya nyumba za mbele tu. Huku nyuma majiko bado yako wazi."

Wasikilizaji wapendwa, nirudie hili kwa sababu ni la uhai. Moto ukizimika kwa kukosa gesi, jiko linabaki wazi. Gesi ikirudi, hakuna moto wa kuila. Inajaa jikoni polepole, inangoja mtu awashe kiberiti. Ndiyo maana kila jiko hufungwa kwanza, nyumba kwa nyumba, kabla gesi haijarudishwa. Asenath Kweyu alilijua hilo. Alilifundisha yeye mwenyewe, kwenye mikutano ya wapangaji, miaka nenda miaka rudi. Lakini mchana ule alisimama juu ya vali akiwaza habari za Jacklyne, na somo lake mwenyewe likamtoka kichwani.

Akaondoa spana. Akamgeukia Austine. "Ita wote," alimwambia. "Tuvuke tukagonge milango."

Mafundi wa Juu wakavuka barabara, wakagawana majengo na mafundi wa Chini. Asenath alipanda jengo la nyuma kabisa. Huko ghorofa ya mwisho anaishi mama mmoja mtu mzima, Teresiah, ambaye masikio yake si mazuri, na vurugu yote ya nje haikumfikia. Asenath alimkuta jikoni. Sufuria ya maharagwe iko juu ya jiko, jiko limefunguliwa mpaka mwisho, na Mama Teresiah ameshika kiberiti mkononi. Sahani iliyokuwa pembeni imejaa njiti zilizoungua.

"Jiko hili leo lina kiburi," Mama Teresiah akamwambia. "Nalibembeleza tangu saa ile."

Asenath alifunga jiko. Akamwomba kile kiberiti, akakitia mfukoni mwa gauni. Halafu akavuta stuli akakaa. Akaomba maji ya kunywa. Mama Teresiah akamletea, akamuuliza kama ametembea mbali.

Milango yote ilipokwisha kugongwa, Jacklyne alitoa neno, na Asenath akafungua vali. Moto ukarudi Chini, na hakuna aliyedhurika.

Kwa kuwa watu walimwona Asenath akifungua, Asenath ndiye waliyemletea chai. Chai na mandazi, pale pale barabarani. Jacklyne alikuwa amesimama kando, jasho linamtiririka. Aliniambia, "Mimi ndiye niliyepanda ngazi tangu mwanzo. Hakuna aliyeniuliza kama nina kiu. Celine, niliichukia ile chai. Hawa ni watu wangu, na hawajui hata jina langu. Yeye ni wa ng'ambo na wanamwita Mama Gesi."

Asenath alimfuata na kikombe mkononi. Akamwambia, "Presha yangu ilitosha. Tangu uliponiomba ilitosha."

Jacklyne akajibu, "Najua. Nilikuwa naisoma pale kwenye kipimo cha vali."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungejua kwamba kila siku naangalia presha yako."

Asenath akampa kile kikombe cha chai. Jacklyne akakinywa chote.

Wiki hiyo hiyo chombo kipya kilifungwa Chini, Juu ikilisha pande zote mbili, na Asenath alikuwepo tangu asubuhi, akitafuta kosa kwenye kila kiungo cha bomba. Mafundi wa pande mbili wakaanza kufanya mazoezi pamoja. Hata hivyo nisiwadanganye, wivu haukuisha. Jumamosi kikapu kilivuka barabara kama kawaida. Tofauti ni kwamba sasa Jacklyne alikuwa anamwekea kiti.

Ugonjwa ulipomlaza Asenath, wapangaji wa Juu walimwomba Jacklyne awaangalizie mtandao. Siku moja alikwenda hospitalini kumwona. Everline alikuwepo.

"Umegusa vali zangu?" mgonjwa akauliza, hata salamu hajatoa.

"Nimezipaka grisi."

"Wanasemaje huko Juu?"

"Wanasema tangu nifike presha imetulia vizuri."

Asenath akageukia ukuta. Everline akainuka ili amwombe mgeni aondoke. Kisha akasema, akiwa bado ameelekea ukutani, "Unawadanganya nini watu wangu, Apondi?"

"Ninayemdanganya ni wewe. Wanachoniuliza ni utarudi lini."

Mgonjwa alicheka mpaka muuguzi akaja kutazama kuna nini. Everline anasema hicho ndicho kicheko cha mwisho alichokisikia kwa mama yake.

Amezikwa kwao Bunyore. Jacklyne alisafiri, akasimama nyuma ya watu, hakutaka kusema lolote. Nilimtafuta baada ya maziko, nikamuuliza kazi inaendeleaje.

"Asubuhi nasoma presha ya Juu na ya Chini," akasema. "Zote mbili niko nazo mimi sasa. Zinakaa vizuri. Natoka nje na kitambaa changu cha kufutia mikono, natazama ng'ambo, na hakuna mtu wa kununa."

Kwa mzee Wasike, kwa Everline na ndugu zake, kwa jamaa wote wa Bunyore na Makongeni, kwa mafundi wa Juu na mafundi wa Chini, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Na wewe dada Jacklyne, ambaye kwenye orodha ya wafiwa hukutajwa, pole yako iko hapa.

Wasikilizaji wapendwa, kila mmoja wetu ana mtu ambaye jina lake likitajwa roho inachemka. Unajua alivyovaa leo. Unajua kazi yake inakwendaje kuliko mke wake au mume wake anavyojua. Huenda kuna jambo alikuomba, na uwezo unao. Kaa na hilo usiku wa leo. Ukiona ni vigumu kumpenda, si lazima. Asenath hakuweza. Aliondoa mkono kwenye spana, akavuka barabara, akagonga milango ya watu wa mwenzake, na Mama Teresiah bado anapika maharagwe yake.