Mwalimu Aliyemzika Mpagazi Mtandaoni

Marehemu mwalimu wetu alizaliwa tarehe 9 Juni 1972, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga. Tangu utotoni alikuwa na maswali kama polisi, hata bibi yake akamwita Mdadisi, na jina likamganda.

Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1996, akafundisha historia katika shule moja tu, darasa la mwisho wa korido, lile lenye dirisha lisilofungika. Mwaka 1999 alimwoa mwalimu wa hesabu wa darasa la jirani. "Nilikwenda kuazima chaki, nikapewa mke," alipenda kusema. Mkewe naye alimjibu, "Na chaki hujarudisha mpaka leo."

Hakuwa mtu wa kukaririsha tarehe. Wanafunzi wake walitunga barua za askari na mashairi ya wajane wa vita. Mwaka 2019 walimfungulia mpagazi wa kubuni, wa enzi za misafara, ukurasa mtandaoni, wakiandika kana kwamba yuko njiani na mzigo kichwani. Juu kabisa mwalimu aliandika: "Hili ni zoezi la darasani." Lakini watu walipoyasambaza maandishi ya mpagazi, maneno hayo yalibaki nyuma. Mpagazi alipofariki ukurasani, watu walimlilia kweli, wengine wakaulizia kaburi lake. Walipojua hakuwahi kuishi, walimgeukia mwalimu: mwongo, tapeli. Tarehe 2 Machi 2020 shule ikamwachisha kazi. Sisi tuliofundisha naye hatukuweza kumtetea, na inauma mpaka leo.

Mwaka 2023 figo zikaanza kushindwa. Kila asubuhi alimwuliza mkewe, "Kuna mwanafunzi amekuja?"

"Wako kwenye mitihani, baba."

Likizo ilipofika, mama wa watu akaishiwa uongo.

Alifariki Jumanne, tarehe 12 Novemba 2024. Mkewe alitangaza msiba kwenye ukurasa uleule wa mpagazi, maana ndiko walikobaki wanafunzi wake. Aliweka picha, saa ya mazishi na njia ya kufika. Majibu yakaja: "Safari hii hatudanganyiki." Mmoja, aliyempenda sana mwalimu, akaandika kwa furaha, "Mwalimu, umerudi! Zoezi hili tunakusanya lini?"

Mama akawajibu, "Ni kweli, wanangu. Njooni."

Wakamwekea vicheko. Ndiyo maana viti hivi viko wazi.

Ameacha mjane, binti mmoja, dada wawili, na mama yake mzazi, aliyewapokea duniani watoto wa mtaa mzima na leo anamzika wake.

Lala kwa amani, Mdadisi. Usiulize tena nani amekuja.