Shangazi Hamzuii Mtu Kurudi Kwao

Tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, Shangazi, kama sote tunavyomwita hapa, anastaafu baada ya kuitumikia ofisi hii kwa miaka thelathini na minne. Tungependa kuandika kwamba hakuna aliyekuwa akiingoja siku hiyo. Lakini yeye mwenyewe alitufundisha kutodanganya kwenye taarifa, kwa hiyo tuseme ukweli: wapo waliokuwa wakihesabu siku, na mwandishi wa maneno haya ni mmoja wao. Nilikuwa na kanuni yangu ya kuwazuia vijana kurudi nyumbani ovyo, na isingepita yeye akiwa bado hapa.

Kazi yetu ni kuwaandaa wamisionari vijana na kuwapeleka nchi za nje kwa miaka miwili, wawili wawili. Shangazi naye alipelekwa hivyo hivyo akiwa na miaka ishirini na miwili. Baadaye akaajiriwa hapa kama karani wa barua, akapewa meza ya dirishani, akapanda hadi kuwa msimamizi wa safari. Meza hakuibadilisha. Tulimletea mpya mara mbili, na mara zote mbili akaisukuma mwenyewe hadi mapokezi.

Kisha akatuletea zile taratibu zake. Kabla ya kusafiri, kila jozi ya vijana ilipaswa kuishi wiki nzima katika stoo ya ofisi, vitanda viwili, jiko moja, beseni moja. Alisema ugeni wenyewe hauwashindi vijana. Kinachowashinda ni mwenzako anayekoroma na asiyeosha sufuria. Sawa kabisa, ila karatasi za ofisi nazo zinakaa stoo hiyo hiyo. Miaka yote hii, ukitaka karatasi unabisha hodi, unasubiri mtu avae shati.

Halafu lipo daftari la makosa. Kila anayerudi huandika humo kosa lake kubwa la ugenini, na Shangazi hulisomea kundi jipya kila Jumatatu bila huruma. Langu analipenda kuliko yote. Mimi na mwenzangu, kwa mashati yetu ya kufanana na mabegi mazito, tulipokelewa kwa furaha na baba mmoja aliyetupeleka moja kwa moja jikoni. Tukahubiri robo tatu ya saa, tukifurahi jinsi anavyotusikiliza huku akiyatazama mabegi. Maji yalipofika kwenye viatu ndipo akauliza, kwa upole, tutaanza lini kuziba bomba. Ni miaka kumi na tisa sasa, na vijana wapya bado wananiita fundi.

Ukurasa wa Shangazi mwenyewe ulikuwa mtupu. Tukimuuliza, naye anauliza kama chai imechemka.

Lakini kilichotutoa jasho hasa ni ruhusa. Kijana akipiga simu kutoka ng'ambo kusema anataka kurudi kwao, Shangazi alimruhusu siku hiyo hiyo. Hakudai sababu, hakusubiri kamati. Mimi ndiye mpanga ratiba. Mmoja akirudi, mwenzake hawezi kubaki peke yake. Inabidi nimhamishe, nimtafutie mwingine, nipangue jozi sita nilizozihangaikia mwezi mzima. Wapo waliorudi kwa sababu ya baridi. Mmoja alirudi kwa sababu mbwa wake anaumwa. Niliwahi kumwambia Shangazi, kwa sauti ambayo sijivunii, kwamba amegeuza ofisi kuwa stendi ya mabasi. Akasema stendi ya mabasi inawasaidia watu wengi sana.

Basi nikaandika kanuni: kuanzia tarehe 1 Julai, hakuna kurudi kabla ya miaka miwili kwisha bila kibali cha kamati, na kamati hukutana mara moja kwa mwezi. Wakati huo Shangazi alikuwa amelazimishwa kumalizia likizo yake, na ombi la binti mmoja likaangukia mezani kwangu. Mama yake anaumwa, anataka kwenda kumwona. Nikaliweka chini ya kikombe lisubiri kanuni. Likakaa siku tatu.

Jumatatu Shangazi akaja, likizo au si likizo, akafungua daftari kwenye ukurasa wake, ambao sasa ulikuwa umeandikwa, akasoma. Akiwa na miaka ishirini na mitatu alikuwa kiongozi wa kituo chao ugenini. Msichana aliyelala naye chumba kimoja alimwomba ruhusa aende kwao, mama yake anaumwa. Shangazi alimwambia amwachie Mungu na amalize muda wake, kwani imebaki miezi minne tu. Mwenzake alitii. Alipofika kwao, kaburi lilikuwa limeshaota majani. Shangazi aliyasoma haya kwa sauti ile ile anayosomea habari za bomba langu, kisha akaenda kutazama chai.

Nilimkasirikia kuliko siku zote. Miaka kumi na tisa tumebishana, na maneno ya dakika mbili yangetosha. Halafu nikajionea aibu, nikalitoa ombi chini ya kikombe, nikatia saini. Binti amefika kwao Jumatano. Mama yake amemtambua, na wanaongea. Kanuni yangu nimeichana mwenyewe, na zile jozi sita nimezipanga upya nikinung'unika.

Akishastaafu, Shangazi anasafiri Jumamosi. Tumegundua kwamba miaka yote hii amekuwa akimwandikia yule mwenzake, bila kujibiwa hata mara moja. Mwezi uliopita alijibiwa. Barua ilikuwa na neno moja tu: njoo.

Asante, Shangazi, kwa kazi yako yote na kwa kutusumbua kiasi hiki. Tunakuombea safari ya salama, afya, na miaka mingi ya kupumzika. Kaa naye mpaka mtosheke. Hapa hakuna atakayekuuliza unarudi lini.